SHABAHA YA STIMA NA HESABU YA KOMPYUTA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwa niaba ya kamati ya elimu ya chama



Kamati yenu imetutuma tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo, kwa kulitazama mara moja, laonekana kuwa ni la mabwana wa ofisini tu. Nalo ni hili: namna shabaha ya stima jadidifu inavyoandikwa ndani ya programu ya kompyuta ipangayo mitambo ya nchi. Stima jadidifu ndiyo ile itokayo katika vitu visivyokwisha, kama maji, mvuke wa ardhini, upepo, jua na makapi ya miwa. Twajua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na macho ni mazito. Twaomba mvumilie kidogo, maana mishahara yenu imo ndani ya hesabu hiyo, ijapokuwa haikuandikwa humo kwa jina la mshahara.

Serikali yetu imetangaza mbele ya mataifa kwamba Kenya yataka stima yake yote iwe safi ifikapo mwaka 2030. Rais Uhuru Kenyatta aliyasema hayo huko Glasgow mwaka 2021, na Rais William Ruto akayakariri mwaka 2022. Wala si ndoto ya mchana. Leo karibu uniti 9 katika kila uniti 10 za stima ya nchi hii hutoka katika mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana, Turkwel na Sondu, upepo wa Turkana na Ngong, na jua la Garissa na kwingineko. Nchi nyingi zenye mali kuliko sisi hazijafika hapo. Iliyobaki ni ile uniti ya kumi, nayo hutoka katika mafuta mazito na dizeli. Hapo ndipo walipo ndugu zetu wa Kipevu na wa vituo vingine vya mafuta.

Sasa, mtu akisema “stima yote iwe safi”, amesema neno moja. Lakini mpangaji hawezi kuitia kompyuta neno. Huitia tarakimu. Na kati ya neno la jukwaani na tarakimu ya kwenye jedwali kuna njia ndefu, na katika njia hiyo mambo mengi huamuliwa bila sisi kuulizwa.

Ziko programu nyingi za kazi hii. Sisi tutasema hasa juu ya moja iitwayo OSeMOSYS, kwa sababu ni ya bure na hesabu zake zote zimetolewa hadharani, mtu yeyote aweza kuzisoma. Ilianzia katika chuo cha ufundi cha KTH, Stockholm, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2011. Majedwali ya kuanzia ya nchi nyingi za Afrika, na Kenya imo, yametolewa bure vilevile. Nyingine iitwayo LEAP nayo ina mahali pa kuandika shabaha na mahali pa kusema mtambo upi wakubalika. Kwa hivyo tutakayosema hayahusu programu moja peke yake.

Programu ya namna hii ni kama karani mwenye mkono mwepesi, asiye na chuki wala huruma. Waiambia nchi itahitaji stima kiasi gani kila mwaka mpaka, tuseme, 2050. Waiambia mitambo iliyopo na ile iwezayo kujengwa, bei ya kuijenga, gharama ya kuitunza, bei ya mafuta, na miaka mtambo utakayodumu. Halafu waiamuru: nitafutie njia ya gharama ndogo kuliko zote ya kutosheleza nchi. Basi hutafuta, na katika muda mfupi hutoa jawabu. Haitabiri. Yafanya hesabu ya yale iliyoambiwa, basi.

Shabaha ni sharti linaloongezwa juu ya amri hiyo. Wasema: tafuta njia ya gharama ndogo, lakini stima jadidifu isipungue sehemu fulani ya stima yote ya mwaka. Mwana chama hana haja ya kufundishwa sana jambo hili, maana analijua. Ni sawasawa na kima cha chini cha mshahara. Mahali ambapo kibarua alilipwa shilingi 400 kwa siku na mkataba ukasema isipungue 600, mkataba umefanya kazi. Mahali ambapo alikuwa akilipwa 700, mkataba ule haukumwongezea hata senti moja, hata ukisomwa kwa tarumbeta. Vivyo hivyo na shabaha. Ukiandika 80 kwa mia katika jedwali la Kenya, ambayo imekwisha pita 80, kompyuta haitabadilisha kitu chochote. Jawabu litakuwa lile lile kama usingeandika. Mtu akija kwenu akasema “tumeweka shabaha ya juu”, mwulizeni kwanza: bila shabaha hiyo kompyuta ingetoa ngapi?

Katika OSeMOSYS sharti hili lina vitu vitatu. Cha kwanza ni alama inayotiwa kwenye mtambo: 1 ikiwa wahesabiwa kuwa jadidifu, 0 ikiwa hauhesabiwi. Cha pili ni alama inayotiwa kwenye bidhaa, kuonyesha ni stima ipi ambayo sehemu yake inapimwa. Cha tatu ni shabaha yenyewe, mwaka kwa mwaka, kama 0.8 au 0.95 au 1. Baada ya hapo programu huzidisha stima yenye alama kwa shabaha, na kuhakikisha kwamba mitambo yenye alama imetoa kiasi hicho au zaidi. Ni hesabu ya mtoto wa shule. Ugumu wake si katika kuzidisha.

Tazameni alama ya bidhaa. Katika majedwali haya stima huwa na majina zaidi ya moja: kuna stima inapotoka kituoni, na kuna stima inapofika kwa mtumiaji, baada ya kupita laini kubwa, transfoma na nguzo za mtaani. Kati ya hizo mbili kuna stima inayopotea. Kwetu Kenya upotevu huo, pamoja na ule wa wizi na mita mbovu, umepita 20 kwa mia kwa miaka kadhaa. Tuchukue 23 kwa mfano. Vituo vimetoa uniti 100, watumiaji wamepata 77. Mpangaji ametaka 80 kwa mia. Lakini alama ya bidhaa ameitia kwenye stima iliyofika kwa mtumiaji, na alama za mitambo zinahesabu stima inapotoka kituoni. Basi programu itachukua 80 kwa mia ya 77, ambayo haifiki 62. Mitambo safi ikitoa uniti 62, sharti limetimia! Zile 38 zinazobaki zaweza kutoka katika mafuta, na taarifa itachapishwa kwamba nchi imefika 80 kwa mia. Hakuna aliyesema uongo. Kila mtu amepima, ila mmoja amepima gunia kwenye shamba na mwingine amelipima sokoni baada ya panya kula.

Jambo hili twalitia mkazo kwa sababu ya mafundi wa laini. Ikiwa upotevu huo ungepunguzwa kwa waya mpya na transfoma nzuri, nchi ingehitaji vituo vichache zaidi. Kazi hiyo ni ya mikono yenu. Lakini katika majedwali mengi upotevu ni tarakimu moja tu iliyoandikwa kando, isiyobadilika au inayopungua yenyewe kila mwaka kama kwa baraka, bila shilingi moja kuwekwa kwa ajili ya fundi atakayeipunguza. Kompyuta huambiwa inunue mitambo. Haikuambiwa kwamba yaweza pia kununua kazi ya fundi. Kwa hivyo haimnunui.

Alama ya mtambo nayo ina mitego yake. Wapangaji wengine huandika jua lenyewe kama chanzo, kisha mtambo wa jua kama kitu kingine. Ukitia alama ya 1 kote kuwili, stima moja yaweza kuhesabiwa mara mbili, maana hesabu ile ya asili hujumlisha kila kinachotolewa na kitu chenye alama. Huo ni uzembe tu, na mpangaji mwangalifu huuona. Mtego mwingine si uzembe, ni siasa. Nguvu za atomiki hazitoi moshi, lakini si jadidifu. Wenye kusema “safi” na wenye kusema “jadidifu” hawasemi neno moja, na mtambo wa atomiki hupata alama ya 1 au 0 kwa kutegemea neno lipi limechaguliwa. Yafaa neno hilo lichaguliwe bungeni na katika mikutano ya wananchi, lisichaguliwe na kijana mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta saa kumi na moja jioni akitaka kwenda nyumbani.

Halafu kuna stima ya Ethiopia. Novemba 2022 tulianza kununua megawati 200 kutoka huko kwa laini ipitayo kilomita 1,000, itokayo Sodo mpaka Suswa. Stima ya Ethiopia karibu yote ni ya maji. Je, laini ile itiwe alama? Ikitiwa 1, kompyuta yaweza kutimiza shabaha ya Kenya kwa kununua, bila kujenga kisima kimoja cha mvuke hapa. Ikitiwa 0, kila uniti tunayonunua yahesabiwa kama ya mafuta, na programu italazimika kujenga zaidi nyumbani. Hatusemi haya kwa chuki juu ya wafanyakazi wa Ethiopia. Wao ni ndugu, na stima yao imetufaa. Twasema kwamba alama hiyo moja yaweza kuhamisha kazi za watu wengi kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, na mpaka leo hatujaona mkutano wa wafanyakazi ulioitwa ili kuijadili.

Tuje kwenye saa. Sharti hili hupimwa kwa mwaka mzima. Uniti zote za Januari mpaka Desemba hutiwa kapuni, na sehemu hupimwa humo. Lakini nyinyi mnajua kwamba stima hailiwi kwa mwaka, yaliwa kwa saa. Kilele cha matumizi yetu ni jioni, saa moja hadi saa tatu usiku, watu wakipika na kuwasha taa, na wakati huo jua limekwisha tua. Usiku wa manane mambo hugeuka: viwanda vingi vimefungwa, watu wamelala, upepo wa Turkana unavuma kwa nguvu, na imetokea si mara moja mvuke wa Olkaria kuachwa upae hewani kwa kukosa mnunuzi. Wanaofanya zamu ya usiku huko wamesikia mlio wake.

Programu huugawa mwaka katika vipande, kama vile mchana wa masika, usiku wa masika, mchana wa kiangazi na kadhalika. Mpangaji akiugawa katika vipande vichache, jioni na usiku wa manane huchanganywa kuwa “usiku” mmoja. Kilele hutoweka, na mvuke unaopotea hutoweka nao. Kwenye karatasi kila kitu chatosheana. Na shabaha ya 95 kwa mia, kwa mfano, yaweza kutimizwa hali mafuta yote ya mwaka yanachomwa katika saa zile za jioni, ambapo bei yake ndiyo ghali kuliko zote. Haya si mabaya yenyewe. Ubaya ni mtu kuona 95 na kudhani kwamba vituo vya mafuta vimekwisha, kumbe kila jioni vinangojewa na nchi nzima.

Na mvua je? Hesabu nyingi hutumia mvua ya wastani. Mwaka 2000, katika ukame ule, Masinga ilipungukiwa maji hata nchi ikagawiwa stima kwa zamu, viwanda vikasimama na vibarua wakarudishwa nyumbani bila malipo. Mwaka wa wastani hauko katika kalenda yoyote. Twataka kila shabaha ijaribiwe katika mwaka wa ukame pia, ndipo tuambiwe imetimia.

Jambo jingine ni miaka. Shabaha huandikwa mwaka kwa mwaka, na hapo pana tofauti kubwa. Ukiacha miaka yote wazi ukaandika 1 kwa mwaka 2030 peke yake, programu, ambayo huona miaka yote kwa pamoja, yaweza kuendelea na ya zamani mpaka 2029, kisha ikajenga kila kitu kwa mkupuo mmoja. Tena shilingi ya mwaka wa mbele huhesabiwa ndogo kuliko shilingi ya leo, ndivyo ilivyo desturi ya wahasibu, basi kuchelewa huonekana rahisi. Kwa mfanyakazi maana yake ni hii: miaka mingi ya “msiwe na wasiwasi”, na mwishoni barua moja ya kuachishwa. Ukiandika shabaha ipande kidogo kidogo, kituo hupungua kidogo kidogo, na kuna nafasi ya mtu kustaafu kwa heshima, kijana kufundishwa kazi ya mvuke au ya betri, na mahali pake kutojazwa.

Wala kompyuta haijui kuchelewa. Mashine 365 za upepo huko Loiyangalani, megawati 310, zilikuwa zimesimama tayari mwaka 2017. Laini ya kwenda Suswa, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 400, haikuwa tayari mpaka 2018. Muda wote huo pangaboi ziliutazama upepo, na gharama ya kuchelewa ikalipwa na watu ambao hawakuchelewesha kitu. Majedwali mengi huweka nchi nzima katika fungu moja, kana kwamba Loiyangalani, Kisumu na Mombasa ni nyumba tatu za ua mmoja. Katika hesabu ya namna hiyo stima iliyozalishwa kaskazini huwa imekwisha fika Likoni papo hapo. Mtu aliyepanda nguzo anajua kwamba haifiki hivyo.

Programu ina mahali pa kuandika kwamba mitambo isijengwe zaidi ya kiasi fulani kwa mwaka. Mpangaji mwema hupajaza. Lakini akipajaza kwa ukweli na huku ameandika shabaha kubwa ya karibu, mara nyingine kompyuta hukataa. Husema hakuna njia. Tusidharau jawabu hilo. Ni jawabu la haki kuliko mengi, na yafaa lisomwe kwa sauti mbele ya aliyetangaza shabaha. Kwa bahati mbaya linapotokea, desturi ya wengi ni kulegeza kamba moja hapa na moja pale mpaka programu ikubali, na taarifa haisemi ni kamba zipi.

Kuna swali pia la “sehemu ya nini?” Shabaha ni sehemu ya stima yote, na stima yote ya mwaka 2030 au 2040 ni makisio. Mwaka 2013 ulitangazwa mpango wa kuongeza megawati zaidi ya 5,000 kwa miezi 40, kwa imani kwamba viwanda na reli na migodi vingezitaka. Mwaka 2025 kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa hakijafika megawati 3,000. Makisio yakizidi, mitambo hujengwa mingi kuliko haja, na wenye mitambo wana mikataba ya kulipwa kwa kuwa tayari tu, hata stima yao isipochukuliwa. Malipo hayo huingia katika bili yako na katika tokeni unazonunua kwa simu. Baadaye mwajiri wa kiwanda hutuambia hawezi kupandisha mishahara kwa sababu stima ni ghali. Tumelisikia neno hilo katika mazungumzo mengi ya mishahara.

Sasa tufike mahali tulipotaka kufika tangu mwanzo, nayo ni habari ya mishahara iliyofichwa.

Katika jedwali kila mtambo una mstari uitwao gharama ya kudumu, kwa kila kilowati kwa mwaka. Tuseme kituo cha mafuta cha megawati 100 kimeandikiwa dola 20. Megawati 100 ni kilowati 100,000, basi gharama yake ya kudumu ni dola milioni 2 kwa mwaka. Ndani ya milioni 2 hizo yumo mwendesha mtambo, fundi wa umeme, fundi wa mitambo, karani wa stoo, mlinzi wa lango, mama anayefagia ofisi, pamoja na vipuri na bima. Wote ni tarakimu moja. Nyinyi nyote, na watoto wenu wanaosomeshwa kwa kazi hiyo, ni “20”.

Na mara nyingi hiyo 20 haikutoka Mombasa wala Nairobi. Hutolewa katika vitabu vya nchi nyingine, ambako watu wanaoendesha kituo ni wachache na mishahara yao ni mikubwa. Twaweza kuandika tarakimu ya kweli, kwa sababu sisi ndio tunaoijua idadi ya watu katika kila zamu. Hakuna mtu mwingine aijuaye vizuri kuliko wawakilishi wa wafanyakazi walio kazini.

Mtaambiwa: “Kompyuta imesema kituo chenu kifungwe mwaka fulani.” Sikilizeni kwa makini. Katika OSeMOSYS, kama ilivyoandikwa asili, mtambo uliokwisha kuwapo hauondolewi na kompyuta. Uwezo wake uliobaki huandikwa na mpangaji kwa mkono wake, mwaka kwa mwaka: megawati 100, 100, 100, kisha 0. Ile 0 iliandikwa na mtu. Kompyuta yaweza kuuacha mtambo usichome mafuta, lakini mwaka wa kuufuta si jawabu lake. Ni moja ya yale iliyoambiwa. Basi swali halali si “kompyuta imeonaje?” bali “nani aliandika mwaka huo, na kwa sababu gani?” Mtu huyo ana ofisi, na ofisi ina mlango.

Tena angalieni: shabaha ikiwa 100 kwa mia na mtambo bado umo kwenye jedwali, utatoa stima 0 lakini gharama yake ya kudumu itaendelea kuhesabiwa. Maana yake ni kwamba hesabu imeweka mishahara yenu, hali mwajiri anafikiria kuwapeleka nyumbani. Na ukifutwa, mishahara hufutwa siku hiyo hiyo, wala hakuna mstari wa kiinua mgongo, wa mafunzo, wala wa kumhamisha mtu na jamaa yake kwenda Naivasha. Gharama hizo kwa jedwali ni sifuri. Hatudhani kwamba wapangaji wana nia mbaya. Wengi wao ni watu wema na wasomi. Ila kitu kisichoandikwa katika jedwali hakina bei, na kisicho na bei hakilipwi.

Iko alama nyingine tena, ya akiba. Mpangaji huamua ni mitambo ipi ihesabiwe kuwa ya kusimamia hatari, ili kituo kikubwa kikianguka nchi isizimike kama ilivyozimika tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukaingia gizani. Vituo vya mafuta mara nyingi hutiwa alama hiyo. Vizuri. Lakini mtambo wa akiba bila fundi ni chuma tu. Ukihesabiwa katika akiba ya taifa, lazima zamu yake ihesabiwe pia, usiku na mchana, na watu wake walipwe kwa kukesha kama askari wa zimamoto wanavyolipwa moto usipowaka.

Chama chetu hakiipingi shabaha ya 100 kwa mia. Moshi wa mafuta mazito tunauvuta sisi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na mafuta yenyewe hununuliwa kwa fedha za kigeni. Tunalolikataa ni kupewa tarakimu iliyokwisha pikwa na kuambiwa tule.

Kwa hivyo kamati imeamua kuomba, kwa barua, mambo machache yatolewe pamoja na kila mpango wa stima. Tupewe orodha ya mitambo yenye alama na isiyo nayo, na stima ya Ethiopia ikiwa miongoni mwake. Tuambiwe shabaha imepimwa kituoni au kwa mtumiaji. Tuonyeshwe shabaha ya kila mwaka, si ya mwaka wa mwisho tu, na mwaka wa kufutwa kwa kila kituo pamoja na jina la ofisi iliyouandika. Tena hesabu ifanywe mara mbili: kwa shabaha ya 95, halafu kwa 96, na gharama za nchi zilinganishwe. Tofauti yake ndiyo bei ya hatua ile moja. Ifanywe tena kwa 97, 98, mpaka 100, na mtaona kwamba hatua za mwisho mara nyingi ni ghali kuliko za kwanza, kwa sababu hizo ndizo za saa za jioni na za miaka ya ukame. Hapo ndipo tutakapoweza kukaa mezani tukaongea kama watu wazima: sehemu gani ya bei hiyo iende kwenye betri na mabwawa, na sehemu gani iende kwa wafanyakazi wanaoacha kituo.

Upande wetu nasi tuna kazi. Kila tawi lenye wanachama katika kituo cha mafuta lihesabu watu wake kwa zamu: wa kudumu, wa mkataba, na vibarua, pamoja na umri wao na miaka waliyofanya kazi. Majina yasiandikwe, idadi yatosha. Matawi ya Olkaria na ya mabwawa yaandike nafasi zilizo wazi na ujuzi unaotakiwa. Mafundi wa laini waandike sehemu zile ambazo stima hupotea sana na sababu yake, maana wao wanazijua nguzo moja moja. Karatasi hizo zitumwe kwa katibu wa tawi, naye azilete makao makuu. Vijana wa chama wanaojua kompyuta, na tunao, wamekubali kuichukua programu hiyo ya bure na kuandika jedwali letu wenyewe, lenye mishahara ya kweli katika mahali pa ile 20. Atakayetaka kuketi nao na kujifunza ampe katibu jina lake leo, kabla hajatoka mlangoni.